Kifafa: Tusiishie Kusema "Si Pepo"



Katika semina za afya za parokia na vigango, ikifika zamu ya kifafa kuna sentensi moja isiyokosekana: kwamba kifafa si pepo, si uchawi, wala si laana ya ukoo. Wanasemina husikiliza kwa adabu, wachache huandika daftarini, kisha kikao hufungwa. Wakifika nyumbani, mtoto mwenye kifafa bado ana sahani yake na kikombe chake peke yake, bado analala kwenye mkeka wake pembeni, na akianguka jikoni watu bado wanasimama mbali wakingoja povu likauke.

Kwa nini? Mimi naona sababu ni kwamba tumezoea kuwaambia watu kifafa si kitu gani, wala hatuwaambii ni kitu gani. Mtu aliyelelewa na bibi yake akifundishwa habari za pepo la kifafa amepewa maelezo kamili. Maelezo hayo yanamwambia ugonjwa umetoka wapi, umeingiaje mwilini, unaambukizwa kwa njia gani na tiba yake iko kwa nani. Sisi tunafika na kumnyang'anya yote kwa sentensi moja, na mkononi hatumwachii kitu. Ni sawa na kumvua mtu blanketi lililotoboka usiku wa baridi bila kumpa jingine. Tukigeuza mgongo atajifunika tena lile lile, na hatuwezi kumlaumu.

Wapo watakaosema kwamba mambo ya ubongo ni ya madaktari, familia za kawaida haziwezi kuyaelewa. Sikubaliani nao. Familia inayojua betri ya redio inavyokwisha, na inayojua moto wa nyika unavyoruka barabara, inaweza kabisa kuelewa jinsi kifafa kinavyoanza. Basi leo tuingie ndani ya fuvu la kichwa tuone wenyewe.

Umeme mdogo sana

Ubongo wa mtu mzima una seli za fahamu zipatazo bilioni 86. Kila seli imezungukwa na maji yenye chumvi, na ndani yake pia mna maji yenye chumvi, lakini chumvi hizo si za aina moja. Nje imejaa sodiamu, ile iliyomo katika chumvi ya mezani. Ndani imejaa potasiamu, ile inayopatikana kwa wingi katika ndizi. Ngozi nyembamba ya seli ina pampu ndogo ndogo zinazofanya kazi usiku na mchana, zikitoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Kazi hiyo inakula sehemu kubwa ya sukari na hewa safi inayotumiwa na ubongo. Kwa sababu ya tofauti hiyo, ndani ya seli iliyopumzika umeme ni pungufu kwa milivolti 70 hivi ukilinganisha na nje. Ni kidogo mno. Betri moja ya tochi, ya volti 1.5, inaishinda mara 20.

Seli ikitaka kupeleka habari hufungua vilango vya sodiamu. Sodiamu huingia kwa kasi, umeme hugeuka, kisha vilango hujifunga na potasiamu hutoka ili kurudisha utulivu. Yote hayo huchukua kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Habari ikifika mwisho wa uzi wa seli, hudondosha kemikali juu ya seli inayofuata. Kuna kemikali ya kuamsha, iitwayo glutameti, ambayo humwambia jirani: "Sema!" Kuna nyingine ya kutuliza, iitwayo GABA, ambayo humwambia: "Nyamaza kwanza." Katika tabaka la juu la ubongo, kiasi cha seli 1 kati ya 5 ni za kutuliza. Ni chache, lakini zimesambaa kila mahali, kama wazee wachache katika kijiji chenye vijana wengi.

Naomba uziweke akilini seli hizi za kutuliza, maana habari karibu yote ya kifafa inazizunguka.

Ubongo wenye afya ni kama soko siku ya gulio. Huyu anauliza bei ya nyanya, yule anamwita mwanae, wengine wanasalimiana. Ukisikiliza kwa mbali unasikia uvumi tu, lakini kila mtu ana neno lake na shughuli zinaendelea. Kifafa ni pale watu wote wa soko wanapopaza sauti neno moja, kwa wakati mmoja, tena na tena. Kelele ni kubwa, lakini hakuna tena anayeuza wala anayenunua. Ndiyo maana mgonjwa hukakamaa, hutetemeka kwa mapigo, na asisikie ukimwita jina.

Mahali kinapoanzia

Wengi hudhani ubongo mzima huchafuka mara moja. Kwa wagonjwa wengine huonekana hivyo, lakini kwa wengine wengi kifafa kina mahali pake pa kuanzia, mara nyingi penye kovu.

Wazo la kwamba ugonjwa huu unatoka ubongoni si la jana. Kiasi cha miaka 400 kabla ya Kristo, maandishi ya Wagiriki yanayohusishwa na tabibu Hippocrates yalikwisha kusema kwamba ugonjwa ambao watu waliuita mtakatifu una chanzo chake cha kawaida kama magonjwa mengine, na chanzo hicho ni ubongo. Lakini aliyetuonyesha njia kwa makini ni daktari Mwingereza, John Hughlings Jackson wa London, katika karne ya 19. Hakuwa na chombo chochote cha kupima umeme wa kichwa. Alitumia macho. Aliwachunguza wagonjwa ambao mtukutiko wao ulianza kwenye kidole gumba, ukapanda mkono, ukafika usoni, ukateremka mguuni. Akafikiri kwamba ikiwa mtukutiko unatembea mwilini kwa mpango, basi lazima kuna kitu kinachotembea kwa mpango huo huo juu ya ubongo. Mwaka 1873 akaandika kwamba kifafa ni mlipuko wa ghafla na wa kupita kiasi katika sehemu ya kijivu ya ubongo. Chombo kilifuata baadaye: mwaka 1924 daktari Mjerumani Hans Berger alifaulu kunasa umeme wa ubongo wa binadamu, na mwaka 1929 akaitangaza habari hiyo.

Ili kuuona mwanzo wenyewe, watafiti hufanya jambo la kustaajabisha. Hukata kipande chembamba cha ubongo wa panya, unene wake usiofika hata nusu ya milimita, wakakiweka katika maji yenye chumvi, sukari na oksijeni. Kipande hicho huendelea kuishi kwa saa kadhaa, na seli zake huendelea kuzungumza. Kisha hubadilisha kitu kimoja tu katika yale maji: huondoa magnesiamu. Baada ya muda, kile kipande huanza kutoa mawimbi ya umeme yanayofanana na ya mtu aliyeshikwa na kifafa. Hebu tufikiri hapo, ndugu msomaji. Kipande kile hakina ukoo, hakina jirani mwenye wivu, hakijavuka kaburi wala kukanyaga dawa njiani. Maji yake yamepungukiwa madini, basi.

Magnesiamu hukaa kama kizibo katika mojawapo ya vilango vinavyofunguliwa na glutameti. Kizibo kikitoka, kila neno la kuamsha huingia kwa nguvu. Mlipuko huweza kuletwa pia kwa kuongeza potasiamu majini, au kwa kutia dawa inayozifanya seli zisisikie kemikali ya kutuliza. Njia ni nyingi, lakini zote huishia pale pale: uwiano kati ya kuamsha na kutuliza umevunjika katika sehemu ndogo, na seli nyingi zinalipuka kwa pamoja.

(Akina mama waliolazwa wodi ya wazazi huenda wamelisikia jina la magnesiamu. Imo katika sindano ya magnesiamu salfeti anayopewa mjamzito mwenye kifafa cha mimba. Kifafa cha mimba ni ugonjwa mwingine, unaoambatana na shinikizo la damu, na magnesiamu humsaidia mama kwa njia zaidi ya hicho kizibo nilichokitaja. Utafiti mkubwa wa nchi kadhaa uliotangazwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba sindano hiyo huzuia mtukutiko usirudi kuliko diazepamu na fenitoini zilizokuwa zikitumika. Mjamzito anayeumwa kichwa sana, kuona maluweluwe na kuvimba uso asikae nyumbani.)

Katika vipande hivyo hivyo limeonekana jambo jingine ambalo mimi naliona zuri kuliko yote. Mlipuko ukianza, haupiti moja kwa moja. Seli za kutuliza zilizo mbele yake huamka kwa wingi zikajenga ukuta, na ukuta huo hushikilia kwa muda. Wanaoishi sehemu za nyika wameona jambo kama hilo: wanakijiji wanafyeka njia pana mbele ya moto, na moto ukifika pale unasitasita. Ukuta ukishinda, mlipuko hufia ulipoanzia. Mgonjwa huenda asijue lolote, au asikie harufu isiyokuwapo, au kitu kikimpanda kutoka tumboni, au kidole kikicheza chenyewe, basi ikapita. Ukuta ukishindwa, moto unaruka, unashika kipande kinachofuata, kisha kingine, mpaka ubongo wote uwake.

Aidha, kila seli inayolipuka humwaga potasiamu katika nafasi finyu zilizo kati ya seli na seli, na potasiamu hiyo huwafanya majirani wawe wepesi zaidi kulipuka. Kwa kawaida kuna seli nyingine za kusaidia ambazo huisomba potasiamu hiyo kama mtu anayedeki maji yaliyomwagika. Penye kovu, wadeki hao nao ni dhaifu.

Na makovu kwetu hayana uhaba. Kuna mtoto aliyekaa njiani muda mrefu wakati wa kuzaliwa na kukosa hewa. Kuna malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, ajali za pikipiki ambazo siku hizi zinajaza wodi. Kuna mabuu ya tegu wa nguruwe yanayojificha ubongoni. Na hayo humpata hata mtu asiyekula kitimoto, kwa sababu mayai ya tegu hutoka kwa kinyesi cha mtu mwenye mnyoo na kufika kinywani kwa mikono michafu, maji au mboga. Choo ni kinga ya kifafa, ingawa ni wachache wanaokitazama hivyo. Wapo pia waliozaliwa na vilango vyenye kasoro, na katika familia kadhaa kasoro hiyo hurithiwa. Hilo tuliseme bila kuficha. Lakini kurithi kilango kibovu si kurithi laana, kama vile kurithi macho mabovu si laana, na wazazi wengi wenye kifafa huzaa watoto wasio nacho.

Degedege la mtoto mdogo mwenye homa nalo ni jamaa wa habari hii. Ubongo mchanga ni mwepesi kulipuka, na homa huuongezea wepesi. Katika malaria kali sukari ya damu hushuka, zile pampu hukosa chakula, na utulivu huvunjika. Katika sehemu za pwani wapo wanaoamini kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Kinachomuua ni malaria iliyoachwa saa nyingi wakati familia inatafuta moshi wa kumfukiza.

Maziwa ya kopo yaliyokosa vitamini

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, huko Marekani, madaktari walianza kuletewa watoto wachanga waliokuwa wakitukutika bila homa, bila kuumia, bila sababu ya kuonekana. Ikagundulika kwamba walikuwa wakinyweshwa maziwa ya kopo ya aina moja, ambayo katika kutengenezwa yalipoteza vitamini B6. Vitamini hiyo inahitajika mwilini ili kutengeneza GABA. Bila vitamini hakuna kemikali ya kutuliza ya kutosha, na bila kemikali hiyo wazee wa kijiji wamepoteza sauti. Watoto walipopewa vitamini B6, mtukutiko ulikoma.

Nimesimulia kisa hiki kwa sababu kinaeleza dawa zetu zinavyofanya kazi. Mwaka 1912 daktari Mjerumani Alfred Hauptmann aliona kwamba fenobabitoni, iliyokuwa dawa ya usingizi, inapunguza kifafa. Leo tunajua namna yake: inaifanya sauti ya GABA isikike kwa nguvu zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Fenitoini, iliyoanza kutumika mwaka 1938, na kabamazepini iliyofuata baadaye, huvizuia vilango vya sodiamu visifunguke mfululizo mno. Kwa maneno mengine, kidonge hakitoi kitu nje ya mwili. Hakuna mdudu wa kufukuzwa. Kinaimarisha ukuta mbele ya moto, na kinauimarisha kwa muda ule tu ambao dawa imo katika damu.

Povu, moto na Mahenge

Sasa tunaweza kuzungumza juu ya povu. Mlipuko ukifika sehemu zinazoongoza misuli, misuli ya koo hubana na mgonjwa hawezi kumeza mate. Mate yanakusanyika, pumzi inayatikisa, yanakuwa povu. Likiwa na damu, ni kwa sababu ameuma ulimi. Akijikojolea, ni kwa sababu kibofu kimelegea. Povu lile ni mate yale yale aliyokuwa nayo dakika moja kabla, alipokuwa anacheza na wenzake. Kilichoanzisha yote kiko ndani ya fuvu, na hakina njia ya kutoka kwa mate, kwa mkojo wala kwa pumzi.

Huenda mwingine akauliza: kama ni umeme, je, nikimshika hautanirusha? Hapana. Umeme wa nyumbani una volti 230. Ule wa ubongo, ukipimwa juu ya ngozi ya kichwa, kwa kawaida ni mdogo kuliko betri ya tochi maelfu ya mara. Unahitaji mashine maalumu hata kuonekana.

Hofu ya povu imeleta madhara makubwa, na mahali panapokumbukwa sana ni Mahenge, katika wilaya ya Ulanga. Daktari Mnorwe, Louise Jilek-Aall, alifika huko na mwaka 1960 alianzisha kliniki ya kifafa katika eneo la misheni. Alikuta wagonjwa wengi kuliko ilivyotarajiwa, wakitengwa, wakila peke yao, na wengi wakiwa na makovu ya moto. Sababu ya makovu ilikuwa ya kusikitisha. Mtu akianguka motoni, waliokuwa karibu waliogopa kumvuta wasije wakapata ugonjwa. Alianza kuwapa fenobabitoni. Wengi walipata nafuu, na watu walipoona nafuu hiyo kwa macho yao ndipo walipoanza kuwaleta waliofichwa ndani.

Wingi wa wagonjwa wa Mahenge haukuwa bahati mbaya. Ni eneo la mito iendayo kasi, ambako inzi wadogo weusi wanaeneza usubi, ule ugonjwa unaojulikana kwa kuleta upofu. Utafiti uliotangazwa mwaka 2018 ulikuta kwamba katika vijiji vya mashambani vya eneo hilo watu zaidi ya 3 katika kila 100 walikuwa na kifafa, hata baada ya miaka 20 ya kugawa dawa ya usubi. Kwa hiyo anayekataa vidonge vya ivamektini vinapogawiwa kijijini akumbuke kwamba yanayolindwa ni macho na pengine vichwa vya watoto pia.

Kuna wanaoniuliza habari za yule kijana katika Injili ya Marko, sura ya 9, ambaye tunasoma kwamba alikuwa na pepo. Mathayo, akisimulia tukio lile lile katika sura ya 17, anatumia neno la Kigiriki linalotokana na mwezi, kwa sababu watu wa wakati ule walihusisha ugonjwa huo na mwezi. Sitaki kuingia katika kazi ya mapadre na walimu wa Maandiko. Naomba tu anayeisoma sura ile asiishie kwenye neno pepo, aone na mambo mengine mawili. Kwanza, baba anasema mwanawe ameanguka mara nyingi motoni na majini. Ni moto huo huo na maji hayo hayo yanayowaua wenye kifafa hadi leo. Pili, baba yule hakumficha mtoto ndani. Alimleta mbele ya umati, na akamwomba msaada waziwazi. Sala na vidonge havina ugomvi. Mhubiri anayemwambia mgonjwa atupe vidonge ili kuonyesha imani anamwondolea ukuta wakati moto uko karibu, na mimi sioni namna ya kuliita jambo hilo imani.

Dakika 5

Kifafa kikimshika mtu, mara nyingi hujizima chenyewe kwa dakika moja hadi tatu. Ubongo umechoka, nao hulala. Katika muda huo kazi yetu ni ndogo lakini ni ya lazima: kumwondoa penye moto, maji au barabara; kuweka kitu laini chini ya kichwa; kulegeza nguo shingoni; na kumgeuza alale ubavu ili mate yatoke nje yasimzibe. Kijiko mdomoni hakifai, huvunja meno na kuziba njia ya hewa. Maji, kitunguu, kiatu cha kunusishwa na kumbana mikono havizimi chochote kilichoko ndani ya fuvu. Mwenye saa aitazame.

Saa ni muhimu kwa sababu ya jambo ambalo watu wachache wanalijua. Mlipuko ukipita dakika 5, uwezekano wa kujizima wenyewe hupungua. Kadiri unavyoendelea, seli huanza kuyavuta ndani yale masikio yanayosikia kemikali ya kutuliza. Diazepamu, dawa inayotumiwa sana hospitalini kuzima kifafa, hufanya kazi kupitia masikio hayo hayo. Maana yake ni kwamba sindano ile ile ambayo ingemsaidia mgonjwa mapema huwa dhaifu akifikishwa baada ya saa nzima. Kwa hiyo, ikipita dakika 5, au kikimshika tena kabla hajarudiwa na fahamu, tafuta usafiri papo hapo. Jirani mwenye gari au bodaboda aamshwe hata kama ni saa 8 usiku.

Kidonge cha kila siku

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba duniani kuna watu milioni 50 hivi wenye kifafa, na kwamba wagonjwa hadi 70 katika 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata dawa zinazowafaa na kuzitumia vizuri. Lakini katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ambako shule na hospitali ni nyingi kuliko sehemu nyingine, utafiti uliotangazwa mwaka 2012 ulikuta zaidi ya theluthi mbili ya watu wenye kifafa hawakuwa kwenye dawa. Kama Hai ni hivyo, sitaki kufikiria sehemu zisizo na barabara.

Umbali ni sababu mojawapo, na zahanati kuishiwa dawa ni nyingine. Hizo ni kazi za serikali na za hospitali zetu za kanisa, na tuzidai bila aibu. Lakini ipo sababu inayotokea ndani ya nyumba. Mtoto ameanza vidonge Januari. Hadi Machi hajaanguka hata mara moja. Familia inafurahi, inasema amepona, vidonge vinawekwa juu ya kabati. Wiki inayofuata anaanguka mara tatu kwa siku moja, vibaya kuliko zamani. Basi watu wanasema, mnaona, dawa za hospitali haziwezi, hili jambo lina mkono wa mtu.

Wewe uliyesoma hadi hapa sasa unajua kilichotokea. Kovu liko pale pale. Dawa ilikuwa ukuta, na ubongo ulikwisha kuuzoea. Fenobabitoni ikikatwa ghafla, seli za kuamsha hubaki na nguvu zote wakati sauti ya kutuliza imeshuka kwa mkupuo, na mlipuko hupita penye wepesi mkubwa kuliko hapo awali. Hata siku mbili za kusahau zinaweza kutosha. Baada ya miaka 2 bila kuanguka, daktari anaweza kufikiria kuipunguza dawa, kidogo kidogo, kwa miezi. Uamuzi huo haufanywi na shangazi aliyekuja kutembea, wala na mgonjwa mwenyewe. Binti mwenye kifafa akiolewa na kutaka kupata mtoto, amwone daktari mapema, kwa kuwa baadhi ya dawa, hasa valproeti, zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Hata hivyo asiache mwenyewe.

Katika jumuiya ndogo ndogo tunachangiana misiba na harusi bila kusukumwa. Naona ingefaa jumuiya ijue ni nyumba ipi ina mgonjwa wa kifafa, si kwa kumsengenya, bali kwa kuchanga nauli ya kliniki mwezi ambao baba hana kitu. Na mwalimu wa shule aambiwe. Mtoto mwenye kifafa akificha, siku ataangukia mtoni wenzake wakidhani anapiga mbizi.

Ndani ya nyumba, vidonge viwe na mahali pamoja panapojulikana na saa moja inayojulikana. Familia ikienda msibani au ikihamia kambi ya shambani wakati wa mavuno, vidonge viende, pamoja na vya siku kadhaa za akiba, kwa maana misiba huongezwa siku na mvua hukata njia. Na wanaoijua saa ya kidonge wawe angalau wawili. Mama akipeleka mdogo wake kliniki akachelewa gari, baba au dada mkubwa ajue mfuko ulipo na ampe mgonjwa cha jioni.